Kutofukuzwa si Kukaribishwa

Ngoma ya uwanjani haina mlango. Lizombe la Wangoni likipigwa hapa Songea hakuna tiketi, hakuna ngazi, hakuna bawabu. Wachezaji huingia kati, watu huwazunguka, na duara likitaka kupanuka hupanuka. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba vikwazo vinavyowakabili watu wenye ulemavu vililetwa na kumbi za saruji zenye majukwaa ya juu, vyoo vyembamba na viti visivyosogezeka. Turudi uwanjani, mtu atasema, na kila mmoja atakuwa amekaribishwa.

Hoja hiyo inavutia, lakini haisimami. Litazame duara lenyewe ngoma inapokolea. Waliowahi wamesimama mbele, waliochelewa wanachungulia juu ya mabega yao. Aliyekaa kwenye kitimwendo anaona migongo na vitenge. Ikiwa ni Februari, mvua zimekwisha kuulainisha udongo, magurudumu madogo ya mbele yamezama, na nyuma watu wameziba njia. Mwenye ualbino anaungua na jua la saa saba mchana, kwa sababu turubai lililopo ni la wageni rasmi. Kiziwi anaona watu wanaangua kicheko, asijue mwimbaji katupa fumbo gani. Wote hawa hawakufukuzwa na mtu. Wameachwa tu wajitafutie.

Basi kuna tofauti kati ya kumruhusu mtu na kumkaribisha. Anayeruhusu hana kazi ya kufanya, anatosheka kwamba hakumzuia yeyote. Anayekaribisha anaanza kazi mgeni akiwa bado njiani. Anayemtarajia mkwe hangoji hodi ndipo aanze kutafuta kiti. Na huo si wema wa ziada, maana huruma huja baada ya mtu kukwama, ilhali maandalizi humwepusha asikwame.

Haki nazo zimekwisha kuandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataka kumbi za maonyesho na makumbusho zifikike. Inataka pia vipaji vya watu hawa vikuzwe, si kwa manufaa yao peke yao, bali ili jamii nzima itajirike. Wahenga walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Utajiri huo tunaujua kwa masikio yetu. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilitanguliwa na mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Taifa lilimstaajabia, na alistahili. Lakini kumstaajabia mmoja hakuwapi nafasi wengine. Kipaji chake kiliruka vikwazo, hakikuving'oa. Tukimgeuza muujiza, tunakwepa kujiuliza kijana asiyeona wa Lizaboni leo atafundishwa ngoma na nani, na atapandia wapi jukwaani.

Kwa Songea swali hili ni zito zaidi. Kila tarehe 27 Februari, kwenye Makumbusho ya Majimaji, mji huwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ngoma ya siku kama hiyo si burudani tu. Ndiyo namna ya watu kutamka kwamba sisi ni hawa, na hawa ndio waliotutangulia. Ngoma haikamiliki bila wa kuitikia. Anayebaki nje ya duara hajakosa starehe ya mchana mmoja tu. Amekosa kuhesabiwa, na hiyo "sisi" inayoimbwa imepungua ukweli.

Itasemwa fedha hazipo. Kwa lifti na kumbi mpya, huenda. Lakini kamba ya kuitunza safu ya mbele kwa ajili ya wanaokaa, turubai la pili, mbao za kupitisha magurudumu juu ya tope, mkalimani wa lugha ya alama kando ya mwimbaji, na ruhusa ya kiziwi kuketi karibu na ngoma kubwa aisikie kifuani, havingoji bajeti ya Dodoma. Vinangoja mtu avikumbuke mapema.

Na wa kuvikumbuka wapo. Vyama vya watu wenye ulemavu vina shirikisho lao, SHIVYAWATA, na wanachama wao wanajua tope liko wapi na ngazi ipi ni ndefu. Kamati za ngoma na matamasha ya Songea ziwaite kwenye kikao cha kwanza, wakati ratiba bado inaandikwa. Wakiitwa siku ya tamasha watakuta kila kitu kimekwisha kupangwa, isipokuwa nafasi yao.