Paka, Najisi na Haki ya Jirani

Tumeulizwa suala na mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa pwani, akaaye Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi. Asema: "Nina paka watano katika chumba kimoja. Hukojoa na kunya chini ya kitanda na juu ya nguo, na mara mbili wamekojoa juu ya mswala wangu. Jirani anung'unika kila siku. Je, sala yangu yasihi? Na je, nitapata dhambi nikiwatia guniani nikawatupe mbali?"

Kabla ya kujibu nataka nikiri kosa langu, kwani msomaji ana haki ya kulijua. Suala hili lilinifikia kwa simu, nami nikajibu kwa haraka: "Waondoe, mama, usali mahali safi." Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Shekhe, wawili kati yao waliachwa na majirani waliobomolewa nyumba. Nikiwatupa mimi, si watakuwa wametupwa mara mbili?" Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimekata hukumu ya jambo nisiloliona. Basi nilipopata safari ya Nairobi nilikwenda kumzuru, na mwanawe wa kiume yupo, ili nione kwa macho yangu.

Chumba chake ni cha mabati, futi 10 kwa 10, kama vilivyo vingi vya huko. Mna kitanda, jiko, mitungi ya maji, na mswala uliokunjwa juu ya sanduku. Baina yake na jirani pana bati moja tu. Kikohozi cha mtoto wa upande ule chasikilikana upande huu, na harufu ya upande huu yapita upande ule. Maji hununuliwa kwa mtungi. Choo ni cha shirika, na wanaokishiriki ni wengi. Hapana ua wala mchanga. Paka wa kwanza alimchukua kwa ajili ya panya. Wawili wakaongezeka mwaka 2021, miezi ya Oktoba na Novemba, zilipobomolewa nyumba za maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga ili kupisha njia, watu wakachukua walichoweza kubeba na paka wakabaki juu ya vifusi. Wawili wengine wamezaliwa humo humo chumbani.

Sisi watu wa pwani twaweza kulicheka suala hili. Katika Lamu, na katika Mji wa Kale wa Mombasa, paka huenda atakako. Ana dari, ana vichochoro, ana mchanga. Akimaliza haja yake hufukia, wala hapana aulizaye. Lakini kheri hiyo si ya busara yetu. Ni mchanga uliotufanyia kazi ambayo yule mama hana budi kuifanya kwa mikono yake.

Ama hukumu ya twahara ni nyepesi, ila watu wamechanganya mambo mawili. Imepokewa kwamba Abu Qatada alikuwa akitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka, naye akaliinamisha chombo ili paka anywe. Yule bibi alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, na kwamba ni katika hao wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wako walioichukua hadithi hii wakadhani kila kitokacho kwa paka ni safi. Hilo ni kosa. Kilicho safi ni mwili wake na mabaki ya maji aliyokunywa. Mkojo wake na mavi yake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii. Na wako waliokwenda upande wa pili wakaona unyoya mmoja nguoni waharibu sala. Hilo nalo ni wasiwasi. Manyoya machache yamesamehewa.

Na kusafisha kwake ni hivi: uondoe kwanza kile chenyewe, upanguse mpaka pakauke, kisha upitishe maji mpaka rangi na harufu ziondoke. Hapana mara 7 hapa. Hizo ni za mbwa na nguruwe. Tena tahadhari na dawa. Maji ya klorini yakikutana na mkojo hutoa hewa ichomayo kifua, na zile dawa zigeukazo nyeupe kama maziwa, nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuihimili. Sabuni na maji yatosha. Basi mama akisafisha mahali na mswala kwa namna hii, sala yake yasihi, wala asijitie mashaka.

Lakini suala lililo zito ni jingine: kosa ni la nani?

Nilipokuwa pale majirani wawili walikuja. Mmoja akasema paka achafuaye mswala ana jini. Wa pili akasema paka ana kisasi, amefanya kusudi kwa kuwa alichapwa. Maneno yote mawili hayana msingi. Mnyama hakukalifishwa; hana amri wala makatazo, basi atakuwaje na dhambi? Na kama kuna mtu angestahili kukemewa kwa najisi, ni yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Naye alikuwa na akili zake. Masahaba walipomkemea, Mtume akawazuia wamwache amalize, akaamuru pamwagwe ndoo ya maji, akawafahamisha kuwa wao wametumwa kurahisisha. Ikiwa hivyo ndivyo alivyotendewa mtu ndani ya msikiti, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumsugua paka pua yake katika mkojo? Apigwaye hivyo hafahamu ila jambo moja, kumwogopa ampigaye; kisha huenda kujificha mbali zaidi kufanya haja yake.

Nalikaa pale muda wa saa moja nikitazama. Palikuwa na beseni moja tu, kando ya jiko na sahani ya chakula, nalo husafishwa mara mbili kwa juma. Dume kubwa la rangi ya majivu lilikuwa limelala mbele yake. Jike mdogo akasogea, akalitazama lile dume, akarudi nyuma, kisha akaingia chini ya kitanda. Hapo nikafahamu. Hakuwa na jini wala kisasi. Alikuwa na haja, na njia imefungwa.

Asili ya paka wetu ni paka wa mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Karibu, azoeaye kuwinda peke yake, mwenye mkojo mzito na mkali, na aipendaye ardhi laini ya kufukua na kufukia. Kuingia kwake chumbani hakukuyabadili maumbile hayo. Hutaka pahali pakavu, penye utulivu, mbali na chakula chake. Akikosa, atatafuta kitu laini kilicho karibu, nacho ni nguo, godoro au mswala.

Basi dawa yake ni hii. Beseni liwe pana, paka aweze kugeuka ndani yake. Litiwe mchanga, majivu yaliyopoa, au vumbi la mbao, kina cha inchi 2 au 3. Vitu hivi si vya unyonge. Huko Marekani nako watu walitumia majivu na mchanga mpaka mwaka 1947, alipotokea Edward Lowe akawauzia udongo mkavu unyonyao maji. Na huko huko Mukuru vyoo vya Fresh Life, vilivyoanza mwaka 2011, hufunika haja ya wanadamu kwa vumbi la mbao. Uchafu utolewe kila siku bila kukosa. Faida yake si harufu tu: kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma kipatikanacho katika mavi ya baadhi ya paka, nacho hukaa kati ya siku 1 na 5 kabla ya kuweza kuambukiza, basi atoaye uchafu kila siku hukitangulia. Mwanamke mja mzito asiifanye kazi hii ikiwa yupo mwingine wa kuifanya; na asipokuwapo, avae mifuko ya mikono, kisha anawe kwa sabuni. Na paka aliyekuwa na adabu kisha akageuka ghafula, huenda ni mgonjwa. Khasa dume ajikamuaye bila ya kutoka mkojo, huyo hana muda. Asipofikishwa kwa daktari wa wanyama mara moja, aweza kufa ndani ya siku chache.

Sasa twafika penye shida. Kanuni ya madaktari wa wanyama ni kila paka beseni lake, na moja la ziada, nayo yatawanywe, ili mwenye nguvu asimzuie mnyonge. Paka watano, mabeseni sita. Katika futi 10 kwa 10! Mama yule akahesabu kwa vidole, akatazama sakafu yake, akacheka, kisha macho yakamlenga machozi. Akasema: "Shekhe, mimi nami usiku nikipata haja huogopa kutoka kwenda chooni. Nangoja kuche. Na hawa nimewafanya vivyo hivyo."

Neno hili lastahili kusomwa mara mbili. Mwaka 2010 Amnesty International ilieleza jinsi wanawake wa mitaa hiyo ya Nairobi, Mukuru kwa Njenga ikiwamo, wanavyohofu kushambuliwa waendapo chooni usiku. Ajengaye vyumba akapokea kodi kila mwezi asifikiri wapangaji watakwenda haja wapi, huyo naye amefunga viumbe akawanyima njia. Naye amewafunga wanadamu.

Tukirudi kwa paka, wengi wetu twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, lakini twaisimulia nusu. Hadithi yataja mambo mawili: hakumlisha alipomfunga, wala hakumwacha atoke ajitafutie katika wadudu wa ardhi. Alikuwa na milango miwili ya kutoka katika dhambi, akaifunga yote. Maana yake ni kuwa amfungaye mnyama ameichukua juu ya shingo yake kila haja ambayo yule mnyama angeitimiza mwenyewe lau angekuwa huru. Chakula ni moja katika haja hizo, na mahali pa kujisaidia ni nyingine. Asemaye, "Mimi nawalisha, wao wananichafulia," amelipa nusu ya deni akadai shukrani ya deni zima.

Na huruma nayo ina hisabu. Kumchukua paka aliyeachwa ni wema mkubwa. Lakini wa kwanza alipata nafasi, wa pili akapunguziwa, na wa tano akanyimwa na kuwanyima wenziwe. Tena jirani ana haki, naye hakualikwa katika wema huu. Harufu yamwingilia yeye na mtoto wake. Mtu hatoi sadaka kwa mali ya mwenziwe, na hewa ya upande wa pili wa bati si mali yetu.

Je, awatupe? La. Kumtia paka guniani na kumwacha asikokujua, bila chakula wala maskani, ni kuifunga ile milango miwili kwa mkono mwingine. Jawabu langu la kwanza lilikuwa baya, nami naomba radhi kwa mama yule na kwa Mola wangu. Lililo wajibu ni kupunguza kwa amana: kila paka akabidhiwe mtu ajulikanaye, amtakaye, na mwenye nafasi. Wanaobaki waachiwe njia ya kutoka mchana, na beseni lao liwekwe kwa ajili ya usiku.

Limebaki suala la kuhasi, kwani asiyezuia uzazi atarudi penye watano, na dume lisilohasiwa hunyunyiza mkojo kutani kwa kutia alama. Imamu Nawawi amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Walakini wanachuoni wa Kihanafi, kama ilivyo katika Fatawa Hindiyya iliyokusanywa Bara Hindi karne ya 17 kwa amri ya Sultani Aurangzeb, wameona hapana ubaya kumhasi paka ikiwa pana manufaa au pana madhara ya kuondolewa. Mimi nimelelewa katika madhehebu ya Shafii, wala sioni haya kusema kuwa katika chumba kama kile kauli ya Kihanafi ina nguvu zaidi. Ifanywe na daktari wa wanyama, kwa dawa ya usingizi, si kwa wembe wa mtaani. Kutia vitoto mtoni ndiko kuliko haramu bila shaka.

Msomaji huenda ataka kujua yaliyofuata. Lile dume la majivu limechukuliwa na mwenye duka la unga katika uchochoro ule ule, aliyekuwa akisumbuliwa na panya; nalo ndilo alilokuwa akilipenda kuliko wote. Mmoja wa waliozaliwa humo amekwenda kwa mpwa wake. Wale wawili walioachwa amekataa kuwatoa, nao wana mabeseni matatu, moja chini ya kitanda, moja nyuma ya sanduku, na moja karibu na mlango. Wa tano hajapata pake hata siku niandikapo maneno haya, na mama amesema hatamtoa ila kwa mtu aliyeridhika naye. Jirani bado hunung'unika, lakini si kila siku.

Ndugu msomaji, kabla hujaingiza kiumbe nyumbani mwako, awe paka, au mtumishi, au yatima, usijiulize kwanza kama unamwonea huruma. Jiulize atalala wapi, atakula nini, na haja yake ataifanyia wapi. Akikosea, tazama kwanza ulimfungia njia gani, kabla ya kuinua mkono.

Wallahu aalam.