Habari za Jirani

Wapo watu wacheka waonapo gazeti la mahali likijaza ukurasa kwa habari za daraja lililochukuliwa na maji, au za kifo cha mzee asiyejulikana nje ya tarafa yake. Husema hizo si habari. Sisi twaona ndizo habari hasa.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Kiongozi, gazeti lililopigwa chapa Tanga wakati wa Wajerumani, na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 wakati wa Waingereza, yalikuwa magazeti ya serikali, wala hayakuona haya kuwasifu mabwana wake. Hata hivyo yalitoa nafasi kwa habari za miji, zilizoletwa na wenyeji wenyewe. Mtu wa bara aliyekuwa kazini pwani aliweza kusoma ya kwao. Na asiyetoka huko akayasoma pia, akayaona ni ya wenzake.

Lakini je, ukaribu peke yake watosha kujenga? La. Kwa jirani zetu wa Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilisema lugha ya nyumbani na kutania kwa mizaha ya nyumbani. Iliwajua watu kwa majina na mahali walipokaa. Na mwaka 1994 ikayatangaza majina hayo ili wenyewe wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Tofauti basi i wapi? Twadhani i mlangoni. Gazeti la kweli lina mlango ambao aliyeandikwa aweza kuugonga na kusema, “Mmekosea,” na juma lifuatalo masahihisho yakatokea. Waliotajwa na redio ile hawakuwa na mlango wa kugonga. Nazo habari zirukazo leo kutoka simu hadi simu, bila jina la mwandishi, mlango wake uko wapi?

Wengine hudhani kwamba upendo kwa jirani wataka kunyamaza. Fedha za chama cha ushirika zikiliwa, na gazeti likakaa kimya kwa kuwa mweka hazina ni mtu wa ukoo mwema, ni nani aliyependwa hapo? Si mkulima angojaye malipo ya kahawa yake. Yapasa iandikwe, hesabu zikisha kuchunguzwa, na mweka hazina akisha kuulizwa na kujibu. Kazi hiyo si nyepesi, maana yeye na mwandishi watakutana sokoni Jumamosi.