Matengenezo ya Uwanja

Neno la kutafakari: Mithali 24:30–34 na Mathayo 12:43–45



Kigombe ni mahali pa wavuvi na pa mashamba ya mkonge, katika njia ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani. Huko, kama pwani yote ya Tanga, mvua ya vuli hunyesha tangu Oktoba hata Desemba, nayo hufunua hali ya uwanja wa nyumba ulioachwa bila kutunzwa. Wakati wa jua kali ulionekana mtupu. Ukafagiwa, ukasifiwa kuwa safi. Mvua imenyesha siku chache tu, na tazama, ndago zimechomoza kila mahali. Hakuna aliyezipanda juzi. Zilikuwamo ardhini zimelala.

Yule mwenye hekima alipopita penye shamba la mtu mvivu, akaona miiba imelifunika na ukuta umebomoka, hakumcheka mwenye shamba. Alitia moyoni, akapata mafundisho. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, tujue ya kuwa kufyeka si kung'oa. Chini ya majani ya ndago pana kidonge kigumu, nacho kimeunganishwa na vingine kwa uzi mwembamba, mfano wa shanga. Mwenye haraka hukata majani, na baada ya siku chache yamerudi. Mwingine hupiga jembe mara moja tu akaenda zake. Huyo ameukata uzi, na vidonge vilivyokuwa vimelala huamka, kila kimoja kikachipuka peke yake. Ndivyo ilivyo dhambi. Ndugu wawili wamegombana kwa ajili ya minazi ya urithi. Mbele ya wazee wamepeana mikono, na Jumapili wamekaribia meza ya Bwana. Lakini minazi haikuhesabiwa, haki haikurudishwa, na neno chungu lililosemwa siku ya matanga halikuombewa msamaha. Majani yamefyekwa, vidonge vingali chini. Je, siku ya ugomvi mwingine kitaota nini?

Pili, uwanja uliong'olewa magugu usiachwe mtupu. Bwana wetu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini haikuwa na mwenyeji. Pepo aliyetoka akarudi pamoja na wengine saba walio waovu kuliko yeye. Kwa hiyo mtunzaji mwema hupanda ukoka wakati udongo ungali umelowa. Huchukua vipande vyenye mizizi, huvifukia shibiri kwa shibiri, navyo hutambaa hata vishikane. Ndugu wale nao, wakiisha kugawana minazi kwa haki, na wale pamoja, waombe pamoja nyumbani, na watoto wao wafundishwe kuitana ndugu. Chuki hukosa nafasi mahali palipojaa upendo.

Tatu, kazi hii haiishi kwa siku moja. Hata penye ukoka ndago huchungulia tena. Lakini ikiondolewa kila ichomozapo, kidonge hutumia akiba yake hata kikachoka. Tarehe 31 Oktoba, katika majira haya haya ya vuli, twakumbuka Matengenezo ya Kanisa. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517, Martin Luther alianza kwa kufundisha kwamba toba ni kazi ya maisha yote ya mwamini. Hoja hizo zilipinga pia biashara ya vyeti vya msamaha. Basi hata jasho letu tusilifanye kuwa cheti. Jembe halinunui mvua. Mungu huileta bure, nasi twalima kwa kuwa imenyesha. Vivyo hivyo hatutubu ili Kristo apate kutupenda; twatubu kwa sababu alitupenda kwanza, akafa kwa ajili yetu.

Basi, enyi walimu, wazee na wenye nyumba, mvua ya vuli haikawii kupita. Kila mtu na autazame uwanja wake mwenyewe, wala asianze kwa ule wa jirani. Na ikiwa yuko ndugu ambaye mna neno kati yenu, umwendee juma hili, kabla hujaikaribia tena meza ya Bwana. Usiende kwa kupeana mikono tu, bali kwa kuifikia asili ya neno lenyewe. Mungu aliyetupa mvua na atupe mioyo iliyolimwa, akaijaze kwa Roho wake Mtakatifu. Amin.