Sadaka au Haki?

Tuwaze jambo hili. Hapa Kambove, mji wa migodi ya shaba, tuseme mtoto wa jirani amekonda ghafla. Ana kiu mchana kutwa, na usiku hukojoa mara nyingi. Watu wananong'ona: amerogwa. Sivyo, ni ugonjwa wa sukari. Mwili wake hautengenezi tena insulini. Asipochomwa sindano ya dawa hiyo, atakufa.

Dawa hiyo iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada. Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa; akaishi hata 1935. Wagunduzi Banting, Best na Collip wakakiuzia Chuo Kikuu haki ya dawa kwa dola 1 kila mmoja, ili mtu asiifanye mali yake peke yake. Hata hivyo, mwaka 2022 watu wazima wenye ugonjwa wa sukari duniani walipata milioni 830 hivi, na zaidi ya nusu hawakuwa na dawa yoyote.

Basi, tukimchangia mtoto yule fedha za insulini, tumetoa sadaka? Mwingine atasema: kiwanda kina gharama, na safari pia. Kweli; gharama hiyo ndiyo fungu letu. Lakini dawa yenyewe ilikwisha kutolewa kwa ajili yake kabla hajazaliwa. Sisi ni matarishi tu, na tarishi hajisifu kwa kufikisha barua; huona aibu akiichelewesha.