KIJANA, UTACHANGIA DAWA AU JENEZA?

Kijana, mama wa rafiki yako ana saratani ya shingo ya kizazi. Ametoka Songea kuja kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hupigwa siku 5 kwa wiki, mara nyingi wiki 5 hivi. Hata matibabu yakilipiwa, nauli, chakula na pa kulala atalipa nani?

Unasema, "Poleni, sina kitu." Lakini jamani, akifa kesho utachanga! Jeneza litanunuliwa, basi litakodiwa, wali utapikwa. Je, pesa hiyo itatoka wapi?

Msamaria wa Luka 10 hakungoja mazishi. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2, majeruhi akiwa hai. Wewe una nini mfukoni? Peleka leo, mama angali anapumua.