Leseni na Dhamana

Mwanangu aliendesha gari hapa Tanzania miaka 20, kisha akahamia Uingereza. Huko aliyehamia na leseni ya Tanzania huitumia miezi 12 tu. Ya Zimbabwe au Afrika Kusini hubadilishwa. Ya Tanzania haibadilishwi, sharti mtihani, ingawa sote twaendesha kushoto. Je, hiyo ni haki?

Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu nilitia saini vyeti vingi. Asomaye cheti hamwoni mwalimu; huliona jina la aliyekitoa. Ndivyo ilivyo leseni: ustadi huvuka mpaka na mwenyewe, dhamana hubaki nyumbani. Si haki kumhukumu mtu kwa nchi yake. Lakini nasi tukumbuke: kila leseni itolewayo bila mtihani humnyang'anya dereva mwaminifu heshima ya karatasi yake.