Damu ya West Nile ni Deni?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile nchini Uganda, eneo la Arua na Koboko. Matokeo ya mwaka 1978 yalitia nguvu hoja kwamba kirusi cha Epstein-Barr huchangia limfoma ya Burkitt, saratani ya limfu. Leo utafiti wa saratani umesonga mbele: kwa saratani ya utumbo mpana, watafiti wanajaribu kuunganisha chanjo inayoifundisha kinga kuitambua saratani na dawa zinazoiondolea kinga hiyo breki, maana dawa hizo peke yake huwafaa wachache tu, takriban 5 kati ya 100 ambao saratani yao imeshasambaa. Je, Koboko inadai chochote hapo? Atakayekataa atasema kirusi kile si cha utumbo, damu ilitolewa kwa hiari, na elimu haina mwenyewe. La kwanza ni kweli. La pili linayumba: mtoto haridhii, huridhiwa na mzazi. La tatu linamgeukia msemaji, kwani kama elimu haina mwenyewe, bei inayomfungia nje mgonjwa wa Arua inatoka wapi? Msikitini na kanisani jambo hili huitwa amana: ulichokabidhiwa hukimiliki. Wala simaanishi dawa ghali zishushwe kesho kijijini. Deni lianze kulipwa kwa kipimo cha uvimbe kinachowatambua wachache wanaofaidika na dawa hizo, na kwa nafasi katika majaribio yenyewe.